Niliona, Nilisikia, Waliniambia

Nina saiba ndogo hapa Nakuru, si mbali na Gate House, kompyuta sita na printa mbili ambazo moja ni ya kubembelezwa. Kazi yangu ni zile unazijua, KRA, eCitizen, fomu za HELB, barua za kuomba kazi na wasifu wa marehemu. Hizo za marehemu nimezitaipu mpaka nikianza sentensi vidole vinaimaliza vyenyewe, alikuwa mcheshi, mcha Mungu, mpenda watu, yaani hakuna mchoyo ashawahi kufa Nakuru hii.

Sasa mwaka wa 2021, kabla tupewe hadhi ya jiji hiyo Desemba, akaingia mzee mmoja mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti, viatu vimepigwa rangi mpaka nikaona balbu yangu kwa ncha ya kiatu. Barakoa iko mahali pake, si kidevuni kama sisi wengine. Akatoa kauntabuku nne kwa begi ya turubai, akazipanga kwa meza kona zikilingana. Akauliza kutaipu ni ngapi ukurasa, nikamwambia thelathini.

"Na siri?"

Nikakosa la kusema.

"Basi siri nitahesabu ni ya bure," akasema, akavuta kiti.

Alikuwa kanali mstaafu. Jina lake siliweki hapa, hayo ndio yalikuwa makubaliano na siri ilikuwa ya bure kweli. Kwa ufupi aliingia jeshi kijana, akaenda Namibia 1989 akiwa luteni, Yugoslavia 1992, Sierra Leone akiwa meja, akarudi nyumbani akawekwa karibu na mazungumzo ya amani ya Sudan akibeba mafaili na kuandika minuti, alafu miaka yake ya mwisho wakamvalisha suti akawa mwambata wa kijeshi kwa ubalozi wetu wa nchi fulani. Alisema bunduki aliizoea mapema lakini tai mpaka leo inamkaba.

Kilichomsukuma kuandika ni Jenerali Daniel Opande. Wasiomjua, huyu ni mtu wa kutoka Nyanza, ndiye alikuwa naibu kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa kule Namibia, akaenda Liberia kusimamia waangalizi wa kijeshi, akaongoza kikosi cha Sierra Leone kuanzia mwisho wa 2000 na baadaye tena kile cha Liberia. Mwanajeshi ambaye kazi yake kubwa iliishia kuwa kukaa meza moja na watu wenye bunduki na kuwaongelesha mpaka waziweke chini. 2019 akatoa kitabu cha maisha yake. Mzee alikisoma akakimaliza na kukirudia, alafu akaniambia, "Jenerali ameandika ya jenerali. Ya mtu wa chini yake kidogo, aliyekuwa anahesabu magunia ya mchele, nani ataandika?"

Sasa hizo kauntabuku. Zilikuwa zimeandikwa Kiswahili cha kambi, kile hakina adabu wala muda, sentensi fupifupi kama mtu anaita rolikoli. Nilizifungua nikidhani nitapata sinema. Ukurasa wa kwanza nikaona pembeni, nje ya ule mstari mwekundu, ameandika herufi kwa kalamu nyekundu. N. N. S. N. W. W. N. Kila baada ya sentensi mbili tatu kuna herufi. Nikafikiri ni mambo ya jeshi, labda msimbo, nikaziacha nikataipu maneno tu. Kesho yake akaja kuangalia kurasa, akaweka kidole pale pembeni palipo patupu.

"Hizi zilienda wapi?"

"Nilifikiri si za kitabu, Kanali."

"Hizo ndio kitabu."

Akanieleza. N ni niliona. Kwa macho yangu haya mawili, nikiwa pale. S ni nilisikia, lakini si kusikia kwa watu, ni kusikia kwa sikio, mlio, kelele, sauti kwa redio. W ni waliniambia. Hiyo ya mwisho inameza kila kitu kingine, ripoti, gazeti, rafiki yako wa dhati, kamanda wako, hata Biblia akasema kwa mzaha, alafu akajuta akasema hiyo ya Biblia usiandike. (Samahani Kanali.)

Nikamuuliza kwani kuna haja gani, si msomaji anajua tu. Badala ya kunijibu akaniuliza kama nimesoma ile sehemu ya sufuria. Nilikuwa nimeisoma. Ndiyo ilikuwa sehemu niliipenda kushinda zote.

Hiyo ni Makeni, Mei 2000. Labda nieleze kidogo juu watu wa umri wangu hawajui kama Wakenya walipigana huko. Sierra Leone ilikuwa imetoka kwa vita vibaya, wakatia sahihi mkataba Lomé Julai 1999, mkuu wa waasi wa RUF, Foday Sankoh, akapewa cheo kwa serikali, na Umoja wa Mataifa ukaleta vikosi kusimamia watu wakirudisha silaha. Vijana wetu walikuwa Makeni na Magburaka. Wapiganaji kumi hivi wakaja kambini wakasalimisha bunduki zao. Kumi tu. Wakubwa zao wakakasirika, tarehe 1 Mei wakaja wengi wakitaka warudishiwe wale watu na zile bunduki. Wakakataliwa. Ikawa vita. Wazambia walitumwa kuja kuongeza nguvu wakategwa njiani wakashikwa kwa mamia, na ukijumlisha na wengine walioshikwa sehemu zingine walinda amani karibu 500 wakawa mateka kwa siku hizo. Wakenya wengine hawakurudi nyumbani. Hapo mzee aliandika majina ya wale aliowajua, ukurasa mzima, na hakuna herufi pembeni, na mimi sikuuliza.

Sufuria ni ya siku ya pili. Mpishi alikuwa ameinjika ugali, ule unga walioutunza kama dhahabu juu huko ni mchele tu kila siku, risasi zikaanza, kila mtu akalala chini, zilipotulia wakaenda wakakuta sufuria ina tundu chini kidogo ya ukingo na maji ya ugali yanatoka kwa mkondo mwembamba kama mtoto anakojoa. Wakacheka. Anasema walicheka mpaka mmoja akaanza kulia.

Mimi nilikuwa nimeitaipu hivi: "Risasi ikapiga sufuria ya ugali." Akavuta ile karatasi.

"Mimi niliandika nini?"

Nikaangalia kwa kauntabuku. Ameandika: "Tulisikia milio (S). Tukalala. Tulipoinuka sufuria ilikuwa na tundu (N)."

"Umeona tofauti?"

"Lakini Kanali, si ni risasi tu, nini kingine kingetoboa?"

"Tundu niliiona. Risasi sikuiona. Ungekuwa kwa kamati ya uchunguzi ukasema umeona risasi, mtu angekuuliza imetoka upande gani, ungejibu, na hapo ungekuwa umeshamfunga mtu."

Hiyo sufuria alikuja nayo nyumbani. Iko Lanet nyuma ya nyumba yake, siku moja nilimpelekea karatasi nikaionyeshwa, ameipandia dhania. Tundu iko upande, si chini, kwa hivyo maji hukaa kidogo alafu yakizidi yanatoka yenyewe. Dhania yake imestawi kushinda ya mtu yeyote ninayemjua.

Tuligombana mara nyingi, nisidanganye. Ugomvi mkubwa wa kwanza ulikuwa wa Namibia. Historia yenyewe ni tamu. Tarehe 1 Aprili 1989 ndiyo siku mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuipeleka Namibia kwa uhuru unaanza, na siku hiyohiyo wapiganaji wa SWAPO, wale waliokuwa wanapigania huo uhuru, wanavuka kutoka Angola, vita vinalipuka kaskazini na walinda amani wenyewe hata hawajafika, wengi bado wako makwao wanafunga mabegi. Nilisoma hiyo kwa intaneti usiku mzima nikasema huu ndio mwanzo wa kitabu, mtu akifungua hapa hafungi. Yeye kaandika mistari miwili: "Aprili sikuwa. Niliambiwa hali ilikuwa mbaya (W)." Kisha anaingia moja kwa moja kwa mambo ya vumbi, upungufu wa viatu namba kumi na moja, na foleni za kura za Novemba, akina mama wamesimama tangu usiku na watoto mgongoni na hakuna aliyekubali kukaa chini ati asipoteze nafasi. Kurasa saba za foleni!

Nikamwomba, Kanali, weka tu Aprili kidogo, weka ukurasa mmoja. Akakataa katakata. "Kuna watu walikuwepo Aprili. Wengine wamezikwa huko. Hiyo ni yao." Nikanuna. Lakini nitakuambia ukweli, leo ukiniuliza Namibia nakumbuka zile foleni, kuna mama mmoja alikuwa amevaa kofia ya harusi, kofia ya harusi jamani, kwenda kupiga kura, na mzee akaweka N kubwa pembeni.

Yugoslavia aliipita mbio, kurasa sita, baridi, baridi, theluji kwa buti, mji wa Knin, baridi. Nadhani hakupapenda.

Sasa ngoja nifike kwa ubalozi juu hapo ndipo na mimi nilimshika. Kauntabuku ya nne ilikuwa tofauti. Yaani mtu yuleyule, kalamu ileile, lakini maneno yamevaa suti. "Pande zote zilibadilishana mawazo." "Mazungumzo yalifanyika katika hali ya uwazi na urafiki." "Ilionekana ni vyema suala hilo liangaliwe upya." Nikataipu kurasa kumi nikahisi usingizi ule wa kanisani. Pembeni hakuna N hata moja. Hakuna S. Hakuna hata W! Nikamsubiri aje.

"Kanali, hapa kwa ubalozi ulikuwa umefunga macho?"

Akaniangalia. Nilijua nimepita mpaka, nikaanza kupanga rimu ambazo zilikuwa zimepangika.

"Hii 'hali ya uwazi' ni nini? Ni niliona ama ni waliniambia?"

Akakaa kimya kama dakika nzima alafu akacheka, mara ya kwanza namuona akicheka na meno. Akaniambia ukisikia wanadiplomasia wanasema mazungumzo yalikuwa ya wazi ujue walitukanana. Yakiwa "ya wazi sana" kuna mtu alitoka akapiga mlango. "Yenye manufaa" maana yake hawakukubaliana lakini chakula kilikuwa kizuri. Ati jeshini alifundishwa kunyamaza, hiyo ni rahisi, unafunga mdomo. Ubalozini alifundishwa kuongea bila kusema, na hiyo ikishaingia mwilini haitoki, hata akimwandikia mkewe ujumbe wa kununua maziwa anajipata anaandika ingefaa ikiwezekana.

Akarudi nyumbani na ile kauntabuku ya nne. Akakaa nayo wiki tatu. Nilifikiri nimempoteza mteja.

Aliporudi ilikuwa nusu ya unene, nyingine yote ameikata, na kulikuwa na kitu kipya cha Naivasha. Hii lazima niisimulie. Mnajua mazungumzo ya Sudan yalifanyika kwetu hapa, Machakos ndio ule mkataba wa kwanza Julai 2002, alafu wakazunguka zunguka, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa ndiye mpatanishi mkuu, huyo naye ni mwanajeshi, wakaja hata hapa Nakuru Julai 2003 na rasimu ambayo upande wa serikali ya Khartoum uliikataa. Watu wakasema imekufa. Septemba hiyohiyo John Garang, mkuu wa waasi wa kusini, na Ali Osman Taha wa upande wa serikali wakakutana Naivasha, kwa hoteli ya kando ya ziwa, na badala ya siku chache ikawa ni miezi na miezi. Mzee alikuwa kijana wa mafaili. Mambo makubwa ya ndani ya chumba hakuandika, anasema mengi ni W kwake, mlango ulikuwa umefungwa na yeye yuko nje. Alichoandika ni viboko.

Usiku viboko hutoka ziwani wanakuja kula nyasi za hoteli. Kwa hivyo mgeni akitoka kwa mkutano kwenda chumbani lazima asindikizwe na askari wa hoteli mwenye tochi na rungu. Usiku mmoja wametoka watu wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, siku nzima wamekaa meza moja bila kuangaliana usoni, na askari aliyebaki ni mmoja, na tochi ni moja. Hakuna anayetaka kungoja, hakuna anayetaka kutangulia. Wakaenda wote watatu, askari mbele, hao wawili nyuma wamekaribiana mabega juu mwanga wa tochi ni mdogo. Katikati ya nyasi kiboko huyo, hatua kama ishirini, anatafuna. Askari akainua mkono, wakasimama. Mzee yuko kwa baraza anaangalia (N). Anasema mmoja alimshika mwenzake mkono wa koti, hapa kwa kiwiko, na hakumwachilia mpaka kiboko akageuka. Alisikia wakinong'ona (S), lugha haijui. Kesho yake mezani hawakuangaliana tena kama kawaida.

Basi. Anaishia hapo. Hasemi ati hapo ndipo amani ilianzia. Nilimuuliza, akasema sijui, mimi niliona mkono na koti. Mkataba wenyewe ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na miezi saba haijaisha Garang akafa kwa ajali ya helikopta. Hayo mawili aliyapa mistari mitatu, W, W, W, ingawa siku ya sahihi alikuwa uwanjani, ati alikuwa mbali sana na aliona tu vichwa.

Sasa yangu.

Sijui ilianza vipi, nadhani ni siku stima ilipotea tukakaa tu na giza la alasiri na mvua. Akaniuliza mimi ni wa wapi hapa Nakuru, nikasema nimekulia Kaptembwo. Akasema, "2008?" Nikasema ndio, zile vurugu za baada ya uchaguzi. Nikamsimulia, na hii hadithi naijua kama wimbo, nimeisimulia kwa shule ya upili, chuoni, kwa kanisa mara mbili, kwa mwanaume niliyekuwa nataka anioe. Nilikuwa na miaka kumi na nne, nimemaliza darasa la nane nangoja kwenda fomu wani, sanduku langu la chuma limeshanunuliwa jina langu limeandikwa kwa rangi nyeupe. Ikafika ile wiki ya mwisho ya Januari. Watu wakaja. Na jirani yetu, Baba Nick, mtu tumekula kwake Krismasi mwezi uleule umepita, akasimama kwa barabara akawaonyesha geti letu kwa mkono. Wakachoma. Tukalala uwanja wa maonyesho, kafyu usiku, wanajeshi barabarani. Makabila sitayataja, mwenye kujua ataelewa.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakusema pole, na nilishangaa juu kila mtu husema pole hapo. Akachukua karatasi nyeupe kwa printa, akapiga mstari pembeni kwa rula, akanisukumia na ile kalamu yake nyekundu.

"Andika. Alafu weka herufi."

Nilikasirika wacha tu. Nikamwambia Kanali hii si Sierra Leone, hii ni nyumba yetu. Akasema ndio maana. Akavaa kofia akaenda na mvua yake.

Niliandika usiku, stima iliporudi. Na nikaanza na herufi nikiwa na hasira, nikitaka nimwonyeshe N tupu kutoka juu mpaka chini. Sanduku, N. Moshi, N. Harufu ya godoro, hiyo nikakosa herufi, yeye hakuweka ya pua. Kelele, S. Watu wakaja… niliwaona? Nilikuwa kwa nyumba ya mwenye ploti, chini ya kitanda na watoto wake wawili, mama alinipeleka huko asubuhi. Kulikuwa na dirisha. Niliinuka mara moja. Mara moja tu. Na mara hiyo moja nikamwona Baba Nick amesimama barabarani mgongo kwangu, mkono juu. Hiyo ni N, naapa, mkono niliuona, hata jaketi yake ya kijani. Alafu "akawaonyesha geti letu". Nikakaa na kalamu. Mkono juu. Sikusikia akisema nini, kelele ilikuwa nyingi. Kidole kilikuwa kimenyooka ama kiganja kilikuwa wazi? Mtu akisimamisha matatu anainua mkono. Mtu akizuia watu anainua mkono. Mtu akionyesha geti pia anainua mkono, lakini geti letu lilikuwa upande gani wake? Nikachora ramani. Nikaichora tena. Miaka kumi na tatu nimesimulia na sikuwa nimewahi kuchora ramani.

Neno "akawaonyesha" nililisikia mara ya kwanza uwanja wa maonyesho, chini ya turubai, kutoka kwa mama akiongea na wanawake wengine. Nikaweka W. Nilipoiweka nikaifuta, nikaiweka tena mpaka karatasi ikatoboka.

Sikumpelekea mzee. Nilipeleka kwa mama, na hilo lilikuwa kosa la haraka. Anaishi Free Area siku hizi, nikamkuta anachambua maharagwe. Nikamuuliza tu, mama, siku ile Baba Nick alisema nini hasa. Aliinua macho. "Kwani wewe leo umekuwa wakili wake?" Nikajaribu kueleza mambo ya mkono na kiganja. Akasema, "Kwa hivyo nyumba ilijichoma." Akamwaga maharagwe yote kwa beseni, mazuri na mabaya. Hatukuongea wiki mbili, na mama ni mtu wa kunipigia kila jioni kuuliza nimekula.

Wakati huo kitabu cha mzee kilikuwa kimeisha. Hakutafuta mchapishaji, tuliprinti nakala arobaini, tukaweka jalada ngumu na waya, akagawia watu wa kikosi chake na wajukuu. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini baada ya kama mwezi akaja na mzee mwingine, sajini mstaafu kutoka upande wa Kakamega, kanyoa kichwa, sauti kubwa. Huyu sajini alikuwa Makeni. Akafungua ukurasa wa sufuria mbele yangu akasema, "Afande, hii si siku ya pili. Siku ya pili hatukupika. Hii ni siku ya tatu, na ugali nilikuwa nasonga mimi." Kanali akasema ni ya pili. Sajini akasema mwiko nilikuwa nimeshika mimi, Afande. Wakabishana wamesimama, wateja wamegeuka na viti, mtu anangoja cheti cha tabia njema ameacha kungoja. Mwishowe Kanali akatoa kalamu nyekundu, akakata ile N ya "siku ya pili" kwa nakala ya sajini, akaandika W, akaweka sahihi yake kama kwa hati ya serikali. Alafu akaniomba nitoe zile nakala nne zilizobaki chini ya kaunta akazirekebisha moja moja. Mikono ilikuwa inamtetemeka kidogo. Sajini akaenda kununua chai ya wote, kutia ndani yule wa cheti.

Jioni ileile nilimpigia mama. Sikuuliza Baba Nick. Nilimuuliza, mama, wewe siku ile ulikuwa wapi? Maana nilikuwa nimegundua kitu cha aibu kidogo, miaka yote nimesimulia hadithi hii mimi, mbele yake, kanisani akiwa kiti cha mbele, na mimi nilikuwa chini ya kitanda. Mwenye alikuwa nje ni yeye. Hakuna mtu ashawahi kumuuliza. Akanyamaza kwa simu. Akauliza nimekula. Nikasema bado. Akakata.

Jumamosi alikuja saiba, na hapendi saiba, anasema inanuka plastiki. Alikuwa amevaa vizuri, leso ya kichwa ya kwenda mjini. Akakaa kwa kile kiti cha Kanali, akaweka kipochi kwa mapaja, akaangalia wale vijana wa intaneti mpaka mmoja akapunguza muziki.

"Hiyo mashine inaandika mtu akiongea?"

"Mimi ndio nitaandika, mama. Ongea tu."

Nikafungua ukurasa mpya, nikaacha nafasi kubwa pembeni. Akaanza na nguo. Ati asubuhi hiyo alikuwa ameanika nguo, shuka mbili za bluu na sare yangu ya darasa la nane, na kulikuwa na upepo kwa hivyo alibana na vibanio viwili viwili. Akasema bei ya vibanio. Akasema nani alipita na nani alisalimia na nani hakusalimia. Akasema alivyonipeleka kwa mwenye ploti na nikasahau sweta, akarudi kuchukua sweta, na alipokuwa anatoka nayo ndipo akaona watu mwisho wa barabara. Mimi nataipu tu, siangalii uso. Akasema Baba Nick alitoka kwake bila viatu. Hiyo sijawahi kusikia. Bila viatu. Akasema alisimama katikati ya barabara, na mama akanionyesha umbali kwa mkono hapa kwa meza yangu, kutoka kwa kibodi mpaka kwa printa ile mbovu.

Alafu akaacha. Nikangoja. Alikuwa anaangalia mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, ameuinua kidogo juu ya kipochi, kiganja hakijafunguka vizuri na vidole havijakunjika, akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule.

"Hapo acha nafasi," akasema. "Endelea na shuka."